Chupa ya Wifi

Jumatatu, 3 Juni

Baridi imeingia. Upepo wa vumbi tangu asubuhi.

Daktari Mrefu ametuagiza sisi wafanyakazi wa utafiti tuandike kila siku hali ya hewa ya mitaani, ili mwisho wa majira aje alinganishe na vifua vya watoto. Mistari miwili inatosha, amesema. Hanijui. Mimi nikiandika upepo, sharti niandike na nani kapeperushwa. Basi mistari miwili nitampa yeye, yanayobaki nitayaweka humu.

Kazi yangu ni kuwapulizisha watoto. Nina mashine ndogo yenye bomba la karatasi. Mtoto anavuta hewa mpaka mabega yanapanda, anabana bomba kwa midomo, anapuliza, na mimi napiga kelele kama mnadi sokoni: "Puliza, puliza, bado, bado, imebaki nyingine humo ndani, itoe!" Mashine inachora mstari. Ukishuka umenyooka kama mteremko wa bati, njia za hewa ziko wazi. Ukibonyea katikati kama kitanda kikuukuu, kifua kimebana. Watoto wananiita Shangazi Puliza, na sasa hata Daktari ananiita hivyo mbele za watu.

Tunachotafiti ni chupa. Pampu ya dawa ya pumu ukimpulizia mtoto mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi inaishia kwenye ulimi. Vipo vifaa vya kiwandani vya kuisaidia ifike kifuani, lakini havionekani kwa urahisi. Sisi tunachukua chupa ya plastiki ya maji, tunatoboa kitako chake kwa waya wa moto, pampu inachomekwa hapo, na mtoto anapumulia mdomo wa chupa polepole. Dawa inaelea ndani kama ukungu, naye anaivuta kwa nafasi yake. Watoto wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini walianza tangu wakati wa joto, na mpaka leo vifua vyao vinatupa moyo.

Mmoja wa watoto wa mtaa wa chini ni damu yangu, binti wa mdogo wangu wa kiume. Ana miaka saba. Tunamwita Filimbi, na jina hilo alijipa mwenyewe siku aliponiambia, "Shangazi, mimi nimemeza filimbi." Kwa kuwa ni ndugu yangu siruhusiwi kumpima. Anapimwa na mwenzangu wa mashine ya pili, tunayemwita Taratibu, mtu ambaye akianza kufunga kamba za viatu unaweza kuchemsha chai ukainywa.


Jumatano, 5 Juni

Baridi. Vumbi. Hakuna jipya.


Jumatatu, 10 Juni

Upepo mkali. Vumbi linaingia hata kwenye masikio.

Baada ya kazi nilipita kwa wifi. Mdogo wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anaonekana kama mwezi mwandamo, kwa hiyo mke wake ndiye baba na mama. Mimi na wifi yangu hatujawahi kugombana, lakini pia hatujawahi kucheka mpaka tukashikana. Ni mtu wa maneno machache na vitambaa vingi. Masufuria yake unajitazamia meno. Huwa namwita Bi Kioo, akiwa hayupo.

Filimbi anaendelea vizuri. Kwenye rafu, katikati ya vikombe, niliiona chupa yake ya dawa, inang'aa mpaka nikashika kiuno.

"Wifi, hii ni chupa au almasi?"

"Vumbi hili, wifi, nitafanyaje? Zamani nilikuwa naiosha naiweka dirishani, inakauka mara moja. Sasa nikiiweka dirishani inarudi na mchanga. Naiosha, naifuta, naifunika."

Hakucheka, lakini nilimwona amefurahi. Nimeazima chupa yake ya akiba niwaonyeshe kina mama Ijumaa. Kwa majirani zake wa mtaa wa chini kuna chupa nimeziona, ukizitazama utadhani zimeokotwa mtaroni.


Ijumaa, 14 Juni

Baridi. Upepo umepungua kidogo.

Mkutano wa kina mama wa mtaa wa chini. Niliinyanyua chupa ya wifi juu kama kombe la mpira. "Tazameni hii. Hii ndiyo chupa ya mama anayejua anachofanya. Zenu ziko wapi?" Waliinamisha vichwa, wengine wakacheka, mmoja akaificha ya kwake chini ya mtandio. Wifi alikuwa amekaa nyuma kabisa, uso umemuiva kwa aibu na raha. Daktari Mrefu alinipigia makofi.

Wiki ijayo nitawapa dozi hiyo hiyo mtaa wa juu.


Jumatano, 19 Juni

Jino. Baridi inaingia humo humo kwenye jino.


Alhamisi, 20 Juni

Limeng'olewa. Mkutano wa mtaa wa juu ameuendesha Taratibu. Nimesikia alichukua saa nzima kueleza jinsi ya kutikisa pampu, na hakusifu mtu wala kumsema mtu.


Alhamisi, 27 Juni

Vumbi. Watoto wanakohoa hata wale wasio wetu.

Taratibu kampima Filimbi leo. Kanionyesha mstari, kwa mara ya kwanza amefanya jambo haraka. Umebonyea.

Tumesema ni baridi. Daktari kaongeza dawa kidogo.


Jumatatu, 1 Julai

Baridi kavu, ngozi inapasuka. Nilipovua sweta lililia cha-cha-cha kichwani mwangu na nywele zikasimama kama nimeona jini. Nimecheka peke yangu.


Alhamisi, 4 Julai

Baridi. Upepo.

Mama yangu kaja kunitembelea, nami nikajua hajaja kunitembelea. Alikunywa chai, akasifu pazia, akauliza jino, halafu akafika alikokuwa anakwenda.

"Mjukuu wangu anakohoa."

"Watoto wengi wanakohoa mama, ni majira."

"Mwezi wa tatu hakukohoa. Mwezi wa nne hakukohoa. Dawa si ile ile? Basi kama dawa ni ile ile, anayeitoa ndiye kabadilika." Akashusha kikombe. "Yule mke wa mdogo wako anang'arisha masufuria, mtoto anakorota. Mtu akishika kitambaa kutwa nzima, pampu anaishika saa ngapi?"

Nilimtetea. Ila naandika humu kwa kuwa humu sidanganyi: sikumtetea kwa moyo wote. Mstari uliobonyea nimeuona kwa macho yangu, na sisi kazini tunajua kwamba sababu ya kwanza ya dawa kutofanya kazi ni dawa kutotolewa.


Jumatatu, 8 Julai

Vumbi.


Jumanne, 9 Julai

Baridi kali. Upepo ulianza kabla ya jua.

Nilikuwa nafungua dirisha la chumba cha vipimo nilipomwona wifi anavuka uwanja wa zahanati mbio, miguu mitupu, Filimbi mgongoni. Wifi yangu, ambaye hatoki nje bila kupiga viatu brashi. Nilitoka hata sikumbuki kama niliufunga mlango.

Mtoto mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, na pale chini ya koo ngozi ilikuwa inaingia ndani kila alipovuta hewa. Ile filimbi haikusikika, na hilo ndilo lililonitisha, maana kifua kinachopiga filimbi bado kinapitisha hewa. Alinitazama. Alisema neno moja moja, kila neno na pumzi yake.

"Shangazi. Filimbi. Imekwama."

Muuguzi alimpokea. Oksijeni, kisha dawa ya mvuke kwenye mashine, barakoa usoni. Daktari Mrefu alikuja akapiga magoti kando ya kitanda na kumshika mkono. Mimi nilisimama ukutani. Kazi yangu ni kuwaambia watoto wa watu wapulize, na huyu wa kwetu sikuwa na la kumwambia.

Wifi aliniambia alimpa pampu kwa chupa tangu alfajiri, akarudia, akarudia tena kama tulivyofundishwa, na ilikuwa kama anampulizia ukuta.

Hapo nikafungua mdomo wangu. Tulikuwa kwenye korido, watu wanapita.

"Wifi, dawa unampa kweli, au unaifuta vumbi tu?"

Alinitazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemdhania.

"Wifi," akasema taratibu, "pumzi ingekuwa inagawika, mimi ningebaki na nini?"

Halafu akakaa kwenye benchi, akatoa kitambaa kwenye mfuko wa gauni, akaanza kufuta lile benchi. Anafuta, anafuta. Nikawaka. Mtoto yuko chini ya barakoa, mama yake anang'arisha benchi la serikali! Nilimwacha pale nikaingia ndani.

Adhuhuri filimbi ilirudi kifuani. Sijawahi kufurahia sauti ile kama leo. Alasiri ikapungua, na jioni Filimbi aliomba chai, akailalamikia kuwa haina sukari. Namshukuru Mungu. Nilikwenda chooni nikalia, nikanawa, nikarudi kazini.

Mama alifika. Hakumsalimia wifi. Alisema mbele yetu wote, "Shule zikifungwa namchukua. Atakaa kwangu, dawa nitampa kwa mkono wangu."

Wifi aliinama kando ya kitanda. Alikuwa ameshika vile viatu vidogo vya mtoto, anavifuta.


Jumatano, 10 Julai

Baridi. Mdogo wangu kapiga simu kutoka njiani, injini inanguruma nyuma yake.

"Dada, mama anasema hivi, mke wangu analia tu. Mimi niko mbali. Wewe ndiye mwenye macho ya hospitali. Ukisema mtoto aende kwa mama, ataenda. Ukisema abaki, atabaki."

Nimemwambia nitamjibu kabla shule hazijafungwa. Mzigo gani huu.


Ijumaa, 12 Julai

Vumbi, lakini jua limetoka.

Daktari Mrefu katuita. Amebandika ukutani vipimo vya mitaa yote miwili. Wakati wa joto mistari inakwenda pamoja kama mapacha. Kuanzia katikati ya Juni, mtaa wa juu unaendelea kupanda, mtaa wa chini unaporomoka. Baridi ni ile ile, vumbi ni lile lile, dawa zimetoka sanduku moja.

"Mwezi wa sita mtaa wa chini kulitokea nini?" akauliza.

Taratibu akasema pengine kuna mtu anachoma taka. Mimi nikasema pengine kina mama wamechoka. Watoto wa mtaa wa chini ni wengi, si Filimbi peke yake. Hilo lilinifuata njia nzima ya kurudi nyumbani. Haiwezekani mtaa mzima wa kina mama wawe wavivu kwa mwezi mmoja.


Jumamosi, 13 Julai

Baridi kavu. Upepo kidogo.

Nilikwenda kwa wifi asubuhi, eti kumsaidia kufua. Ukweli ni kwamba nilikwenda kumchungulia. Alijua. Alinipa kigoda kule kule jikoni, mahali ninapoona kila kitu, akaendelea na kazi zake kana kwamba mimi ni mkaguzi na yeye hana cha kuficha.

Nilimtazama akitoa dawa. Alitikisa pampu. Alimkalisha mtoto wima. Alisubiri. Alibonyeza mara moja, akamwacha Filimbi apumue ndani ya chupa polepole, kifua chake yeye mwenyewe kikipanda na kushuka pamoja na cha mtoto. Taratibu angekuwepo asingepata kosa. Nilijisikia mdogo kuliko kile kigoda. Huyu mwanamke dawa alikuwa anatoa, kila siku, vile vile, na mimi nilimtukana koridoni mbele za watu.

"Wifi," nilisema, "nisamehe kwa yale ya Jumanne."

"Ulikuwa na hofu," akasema. Basi, hakuongeza.

Halafu akaiosha chupa, akachukua kipande cha sweta kuukuu, akaifuta. Nje, ndani kwa kijiti, tena nje, mpaka ikalia kwi-kwi. Filimbi akainyakua.

"Shangazi, tazama mchezo wangu!" Akaiweka karibu na kichwa, na nywele zake zikanyanyuka zikaifuata chupa. Akaisogeza kwenye meza, vinyuzi vya lile sweta vikaruka vikajibandika kwenye plastiki. "Inavuta kila kitu! Mama anaifuta tena na tena lakini manyoya hayatoki."

"Ndilo linaloniudhi," wifi akasema. "Nikiifuta ndiyo vumbi linaipenda zaidi."

Tulicheka kidogo, mimi na wifi, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. Nikaaga.

Nyumbani nikavua sweta. Likalia cha-cha-cha. Na nikabaki nimesimama katikati ya chumba, sweta limenifunika uso, mikono juu, sikulimalizia kulivua. Chupa inavuta kila kitu. Ndani ya chupa tunaweka nini?


Jumapili, 14 Julai

Baridi. Jumatatu haifiki.


Jumatatu, 15 Julai

Hata sikutazama hali ya hewa.

Nilimngoja Daktari Mrefu mlangoni. Nilimweleza yote, sweta, nywele, vinyuzi, na nilipokuwa naeleza nilijiona kama mtoto anayesimulia ndoto. Hakucheka. Alikwenda kwenye kabati akatoa chupa mpya, akachana karatasi vipande vidogo kama punje, akaisugua chupa kwenye koti lake la sufi na kuishusha juu ya meza. Karatasi ziliruka zikang'ang'ania.

Akakaa. Akaweka kiganja kwenye paji la uso.

"Dawa nayo inafanya hivyo hivyo," akasema. "Plastiki ikisuguliwa inapata umeme, na dawa badala ya kuelea inajibandika kwenye kuta za chupa. Mtoto anavuta hewa tupu. Na hewa ikiwa kavu kama hii, ndiyo mbaya zaidi. Hili nililijua, Shangazi. Nililisoma tangu chuoni. Chupa inaoshwa kwa maji ya sabuni, inaachwa ichuruzike ikauke yenyewe, haifutwi. Lakini tulipoanza kulikuwa na joto, chupa zinakauka kabla mama hajageuka. Sikuona haja ya kusema msizifute. Nani alikuwa anazifuta?"

Kisha akageuka kuutazama ukuta, pale mstari wa mtaa wa chini unapoanza kuporomoka.

"Lakini kwa nini mtaa wa chini tu? Mwezi wa sita kulitokea nini kule?"

Niliisoma tarehe chini ya mstari: wiki ya mkutano wangu.

"Mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyetokea."

Alinikumbuka nimeinyanyua ile chupa, naye anapiga makofi. Tulitazamana. Na mtaa wa juu, ambako nilikuwa niende na chupa ile ile wiki iliyofuata, uliokolewa na jino langu bovu. Daktari alianza kucheka, nami nikaanza, tukacheka mpaka Taratibu akaja kuuliza kuna nini, na ilibidi tumweleze mara mbili.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wifi yangu alisifiwa akaongeza bidii, na ile bidii ndiyo iliyotuharibia. Sijui wahenga hapo wangesema nini.


Jumanne, 16 Julai

Baridi. Upepo.

Nimekwenda kumwambia wifi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, nilipofika yote yakanitoroka. Nilimweleza tu, kama Daktari alivyonieleza. Alisikiliza amesimama, kitambaa mkononi. Nilipomaliza alikitazama kile kitambaa.

"Kwa hiyo ni mikono yangu."

"Hapana wifi. Ni mdomo wangu. Wewe ulikuwa unafuta chupa moja. Mimi nimefutisha mtaa mzima."

"Nilikuwa nambana mwanangu kifua," akasema, "kwa kumpenda."

Hapo akalia, nami nikalia, na Filimbi akaingia akatuona, akauliza nani kafa. "Hakuna aliyekufa," wifi akamwambia, "njoo hapa," akambana kwenye paja lake. Nilimwambia wifi kwamba ile siku ya benchi nilimchukia. Akasema yeye mikono yake isipofanya kitu inatetemeka, tangu utotoni, ndiyo maana anashika kitambaa. Miaka yote hii nimemwita Bi Kioo. Nikamwambia na hilo pia. Akafikiri kidogo. "Bi Kioo," akasema. "Si baya."

Nikampigia mdogo wangu palepale. "Abaki kwa mama yake," nikasema. "Na ukirudi uje na zawadi, umeoa vizuri kuliko unavyostahili." Kisha nikampigia mama. Mama akasema mtu asimletee mambo ya sweta na karatasi kuruka, na kwamba shule zikifungwa yuko njiani.


Jumatano, 17 Julai

Vumbi.

Mkutano mtaa wa chini. Nilisimama pale pale nilipokuwa nimesimama Juni na kusema nimekosea. Osheni kwa maji ya sabuni, geuzeni kichwa chini ndani ya kabati au chini ya chandarua, iacheni ikauke. Msiifute. Ikiwa na madoa meupe ya sabuni, ndiyo nzuri.

Mama mmoja akainua mkono. "Shangazi Puliza, mwezi uliopita tuling'arisha kwa sababu yako. Leo tuache kung'arisha kwa sababu yako. Mwezi ujao tuziweke kichwani?"

Walicheka mpaka wakagongana mabega. Nilistahili. Kisha wifi akasimama, yeye ambaye hajawahi kusema neno mkutanoni, akainyanyua chupa yake yenye madoa. "Hii hapa," akasema. "Inaniuma macho. Lakini hii ndiyo."


Ijumaa, 19 Julai

Baridi.


Jumanne, 23 Julai

Baridi, hakuna upepo. Filimbi amekwenda shule siku zote za wiki iliyopita na jana.


Ijumaa, 26 Julai

Baridi.

Taratibu kampima Filimbi. Mimi nilikaa nje ya mlango. Alitoka, akaufunga mlango vizuri, akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Nilikuwa tayari kumnyonga.

"Mteremko wa bati," akasema.

Watoto wengine wa mtaa wa chini nao wanapanda. Daktari Mrefu ameiandika taarifa ya utafiti upya na kuongeza ukurasa juu ya kufuta chupa. Anasema kosa letu litawasaidia wengine wasilifanye. Nimemwomba asiandike habari ya jino.


Jumamosi, 3 Agosti

Shule zilifungwa jana. Mama kaja leo, na begi tupu la kubebea nguo za mtoto.

Nilikuwa nimewahi kufika. Wifi alimkaribisha, akampa kiti, akamwandalia chai, mikono yake imejificha ndani ya upindo wa gauni. Filimbi alikuwa nje anacheza na wenzake, kule karibu na geti. Mama alikaa, akatazama kulia, akatazama kushoto, nami nikajua anatafuta kosa. Nyumba ya wifi kutafuta kosa ni kutafuta sindano baharini. Lakini kwenye rafu, katikati ya vikombe vinavyomeremeta, ilikuwepo chupa yenye madoa.

"Ahaa," mama akasema. "Hiki nacho ndicho chombo cha dawa ya mjukuu wangu? Na uchafu huu?" Akanyanyuka, akaichukua, akashika ncha ya nguo yake.

"Mama, usiifute!" Mimi na wifi tulisema pamoja, tukasimama pamoja, mimi nikagonga meza.

Mama alishtuka lakini hakuacha. Nani amewahi kumwachisha mama yangu jambo? Ncha ya nguo ilikuwa imekwisha kugusa plastiki. Lakini mlango wa uani ulikuwa wazi, mtoto alikuwa ametusikia, na kutoka kule getini ikaja sauti.

"Bibiiii, usiifuteeeeee!"

Ilivuka uwanja wote, ikapita jikoni, ikafika, na bado ilikuwa inaendelea. Kwa mazoea ya kazi nilijikuta nasikiliza mwisho wake. Bado, bado, imebaki nyingine humo ndani. Aliimaliza yote kwa pumzi moja, na kifua hakikutoa hata mluzi. Kisha tukasikia miguu inakuja mbio, na Filimbi akaingia, hahemi, akainyang'anya ile chupa mkononi mwa bibi yake na kuirudisha kwenye rafu, kichwa chini.

"Bibi, ukiifuta inameza dawa yangu," akasema, akatoka mbio tena.

Mama alibaki mkono hewani. Akakaa polepole. Alinitazama mimi, akamtazama wifi.

"Huyu mtoto," akasema, "ana kelele kama shangazi yake." Akanywa chai kidogo. Halafu akamwambia wifi, bila kumtazama, "Mwanangu, hii chai ni nzuri." Miaka yote ya ndoa ile hajawahi kumwita mwanangu.

Alikaa mpaka jua likaanza kushuka. Alipotaka kuondoka alitafuta begi lake. Lilikuwa limebaki sakafuni, tupu, limeshika vumbi la njiani. Wifi aliliokota, akalipangusa kwa kitambaa pande zote mpaka likapendeza, ndipo akampa.